Milima Isiyonijua

Mwanangu Torgeir alizichukua skii zangu, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, mwezi wa kumi na moja, akasema anakwenda kuzipaka nta. Mwezi wa tatu unakwisha, eti nta haijakauka. Nilijua fika ziko wapi: kwenye banda lake la mashua, limefungwa kwa kufuli. Mimi ni mzee, si mjinga.

Sababu yake ni nyonga. Niliwekewa nyonga ya chuma mwaka jana, na daktari aliyeniwekea aliniambia kwa kinywa chake, "Oddlaug, nenda mlimani, hiyo ndiyo dawa." Lakini Torgeir hasikii la daktari. Ana miaka arobaini na sita na ndevu, na tangu baba yake afariki amejipa cheo cha mlinzi wangu. Hakuna aliyemwomba.

Basi nikapanga safari kimyakimya. Hapa kwetu Sunnmøre haiwezekani. Nikionekana kituo cha basi na mkoba mgongoni, watu watatu watakuwa wamempigia simu Torgeir kabla basi halijafika. Nikachagua Lyngen, kaskazini kabisa, milima nisiyoijua na isiyonijua. Tungekwenda wawili, mimi na Jorunn ninayeimba naye kwaya. Ukijumlisha umri wetu, miaka mia moja na arobaini na moja. Tungelala siku tano kwenye vibanda vya wasafiri, na kila siku saa saba mchana tungegeuka, tufike kileleni tusifike.

Kwa wiki mbili meza yangu ya jikoni haikuona sahani, ilikuwa ni ramani tu. Mistari ya mwinuko ikisongamana, ujue mlima umesimama. Nilipima, na kila mteremko ulipozidi nyuzi thelathini nikapapaka penseli nyekundu, maana hapo ndipo theluji hukatika ikashuka na watu. Njia yetu niliichora kwa buluu. Haikugusa wekundu hata mara moja. Nilijiona msichana tena.

Jumapili Torgeir akaingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake.

"Nini hii?"

"Ramani."

"Naona ni ramani, Mama. Ya wapi?"

"Soma. Shule nilikupeleka."

Akasoma. Masikio yakamwiva.

"Lyngen! Na nyonga ya chuma! Ng'ombe akivunjika mguu hurudi zizini, Mama, haendi kutafuta milima ya watu."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na koleo langu jipya, lako ndilo linaota kutu. Kata mkate, jibini iko hapo."

"Mama jamani, si wewe uliyenifundisha? Kugeuka si aibu." Sheria hiyo ya mlimani watoto wa kwetu huijua kabla hawajajua kufunga viatu.

"Anayegeuka ni yule aliyekwisha toka," nikamwambia. "Mimi unataka kunigeuzia jikoni."

Akakata jibini vipande vinene vya hasira. Na mimi hasira yangu nikaimwaga yote mezani. "Tuwekeane dau. Chukua mpango wangu. Ukiona kosa moja, moja tu, skii hizo zitundike bandani mwako mpaka mimi nife. Usipoliona, uniletee hapa Alhamisi, na nta yake."

"Nitaliona."

"Hayo maneno, baba. Kalione."

Akaipiga ramani picha kwa simu, kipande kwa kipande, akaondoka hajamaliza mkate.

Alhamisi asubuhi nikampigia Borghild, mama mmoja anayefuga kondoo huko Lyngen na anayetunza ufunguo wa kibanda cha pili. Nilitaka kujua kama kuni zipo. Akaniuliza tunapita wapi. Nikamsomea njia, nikijisifu moyoni.

"Ziwani?" akasema. "Ukingo wa mashariki? Hapana, dada. Usipite hapo."

"Pale ni tambarare kama meza."

"Wewe uko tambarare, mlima uko juu yako. Theluji ya kule juu hushuka mpaka kwenye barafu ya ziwa. Mwaka juzi ililibeba banda langu la kondoo, bati nikaliokota ng'ambo."

Nikaikata simu, nikaiinamia ramani. Wekundu ulikuwepo, nimeupaka kwa mkono wangu mwenyewe, juu kabisa ya ile njia ya buluu. Niliutazama wiki mbili sikuuona. Kwetu sijawahi kupima kinachoninginia juu yangu, kwa sababu kwetu kila poromoko la theluji lina jina lake na hata watoto wanajua linapoishia. Mlimani mwa wenyewe nilitazama miguu yangu tu.

Jioni gari likasimama nje. Torgeir akaingia na skii zangu begani, zinang'aa, akaziegemeza ukutani bila kunitazama.

"Sikuona kitu," akasema. "Nimetafuta siku nne. Umeshinda, Mama."

Ningeweza kunyamaza. Skii zilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa, na Mungu anajua nilivyozitamani. Lakini sijawahi kuiba hata kwenye karata.

"Kosa lipo," nikasema, nikaweka kidole kwenye ziwa, kisha nikakipandisha taratibu mpaka kwenye wekundu.

Akainama. Akakifuata kidole kwa macho. Kisha akarudi ukutani akazishika skii. "Basi dau ni dau."

"Dau lilikuwa wewe ulione. Uliliona?"

"Sikuliona."

"Wewe mwenye miguu mizima. Ungepita hapo?"

"Ningepita."

"Na Synne nyuma yako."

Synne ni binti yake, ana miaka kumi na minne, huwa hawaachani mlimani. Mkono wa Torgeir ulibaki kwenye skii, lakini haukuzinyanyua. Moyo uliniuma, maana kusoma ramani alijifunzia kwenye meza hiihii, na aliyemfundisha kutazama miguu tu ni mimi.

Nikamwonyesha mstari mpya niliouchora mchana, ukingo wa magharibi. Ulituongezea nusu siku.

"Na ukichoka?" akauliza.

"Nitageuka. Lakini nitageukia hukohuko."

Akatoka nje. Nikadhani amenuna anakwenda zake. Akarudi na ramani iliyokunjwa, akaitandaza juu ya yangu. Mstari wake ulikuwa wa wino, mnyoofu, wa mtu asiye na shaka.

"Tunakwenda Jumamosi, mimi na Synne," akasema. "Milima ya Sunndal. Hatujawahi kufika." Akakohoa. "Hebu nitazamie, Mama."

Nikachonga penseli nyekundu.

"Kaa chini," nikamwambia. "Na hizo skii, ziache hapohapo."