Mshiriki Namba Arobaini

Huu ni mwaka wa nne kazi yangu ni kusikiliza watu wakiota mchana. Mjomba wangu aliwahi kuniuliza mbele ya wageni kama kuota nako siku hizi kuna shahada. Ipo, mjomba, inaitwa uzamivu wa saikolojia, na inazeesha. Chumba chetu pale chuoni kina kiti kimoja cha kuegemea, pazia jeupe na kinasa sauti. Mtu anakaa humo nusu saa peke yake. Kengele ikilia, wakati wowote ule, anasema alikuwa anawaza nini, kisha anarudi zake alikokuwa.

Mimi siwaoni. Ndiyo masharti: karani anawapokea, anawapa namba, anachapa walichosema, na kinachonifikia ni karatasi tu. Nilikuwa nazisoma alasiri karibu na dirisha, hadi nikawa sijui wazo lipi ni langu na lipi la watu. Nimevuka barabara nikiwa ndani ya bustani ya mtu nisiyemjua. Nimepanga foleni ya sabuni nikiwa kwenye harusi ya mtu, harusi ambayo haikufungwa kamwe, na nikatoka pale na majonzi yasiyonihusu. Ukikaa na ndoto za watu thelathini na tisa, nawe unalowa.

Nilihitaji arobaini. Msimamizi wangu, profesa mwenye sauti ya upole na msimamo wa chuma, alishasema wazi: bila arobaini hakuna kutetea tasnifu mwezi wa sita, na baada ya mwezi wa sita yeye anastaafu, nianze upya na mwingine. Kwa hiyo karani aliponiletea karatasi ya arobaini siku ya mwisho ya kupokea watu, nilimkumbatia mpaka akaona aibu.

Kila karatasi hupewa alama na watu wawili, kila mmoja kivyake, kisha tunalinganisha. Mwenzangu tunamwita Rula kwa sababu hapigi mstari kwa mkono mtupu. Namba arobaini ilikuwa imeandikwa hivi: "Nawaza binti yangu anaingia, anavua viatu, anakaa. Haangalii saa." Nikaipa moja, yaani mambo ya kawaida ya nyumbani. Rula akaipa tano, yaani upweke mzito. Nikamwambia viatu ni viatu, upweke kautoa wapi? Akasema mtu akiota kitu kidogo namna ile, ujue hana. Nikamwambia asinifundishe kazi. Mimi nikichoka mdomo wangu hauna breki, na siku ile nilikuwa nimechoka.

Alama zikipishana kiasi hicho, sheria ni kurudi kwenye sauti yenyewe. Tukaiwasha. Mwanzoni kulikuwa kimya, kimya kile kinachokufanya uuhisi mwanga wa chumba. Kitambaa kikasuguana na kiti. Halafu mtu akaanza kuimba puani, polepole, bila maneno, nami nikasogeza kiti karibu na kinasa sauti kabla sijajua kwa nini. Kengele ikalia, akasema. Alikuwa mama yangu.

Mama ni fundi cherehani. Tangazo la kutafuta washiriki nililibandika mwenyewe ukutani kwake, nyuma ya mashine, nimesimama, mkoba begani. Fomu inauliza kama una undugu na mtafiti. Aliweka alama kwenye hapana, mwanamke ambaye hajawahi kunidanganya hata kuhusu umri wake.

Rula akaiweka penseli chini, akaniacha. Nikasikiliza nusu saa nzima. Kwa nusu saa nilikuwa chumbani kwake bila kwenda: vipande vya kitambaa sakafuni, jua likipenya kwenye gauni la mteja lililotundikwa mlangoni, vumbi likielea. Kengele ya tatu ilipolia alisema, kwa sauti ya chini mno ambayo karani hakuweza kuichapa, "Nawaza nikimpata nianzie wapi." Nililia, tena kwa sauti. Nilikuwa nimempa moja.

Ndugu wa mtafiti haruhusiwi. Rula akanong'ona kwamba fomu imesema hapana, na yeye hakusikia kitu. Sitajifanya malaika, nililiwaza hilo siku mbili. Siku ya tatu nikachukua fomu ya kujitoa, ile ambayo mshiriki akiisaini sauti yake inafutwa, nikaenda kwa mama.

Alikuwa anapinda ukingo wa sketi. Nikamweleza yote. Akaisoma fomu mpaka nyuma, akaniuliza kama ataniharibia shule. Nikasema shule itachelewa tu. Akasema pole, kwa dhati, kama vile amenivunjia kikombe. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, uso kwa uso.

"Nilikuwa nakwambia, mama," akasema. Huniita hivyo tangu nikiwa mdogo. "Ila ukija hapa umeshaondoka. Nikasikia kule kuna mtu anasikiliza hadi mwisho."

Nikamsogezea kalamu. Hakuishika.

"Mimi siandiki hapo. Ukiifuta, nitakuwa nimekwambia lini?"

Nimesomea jinsi watu wanavyowaza, ninazo karatasi za kujaza chumba, na swali la fundi cherehani likanishinda. Nikaikunja fomu, nikamwomba anieleze ni kitu gani hicho alichokosa pa kukianzia. Akaizima mashine, akalia kwanza, ndipo akaanza.

Namba arobaini niliiondoa kwa mkono wangu. Mwezi wa sita ulipita, profesa akastaafu, na mjomba bado ananiita daktari kwa kejeli. Sauti sijaifuta.