Printa Iliyonyweshwa

"Usiiwashe tena," fundi Fidencio alisema, akachomoa waya wa printa ukutani. "Haijafa hii. Imelewa."

Nilda hakucheka. Alikuwa karani wa ofisi hiyo ya wakili tangu ujana wake, na kila sherehe za Kanivali zilipokwisha mjini Oruro aliucheka utani huo huo wa fundi. Leo aliuendea mlango wa bosi, akaufunga polepole.

"Nilimwaga matone ya pombe tu, mzee. Matone!"

"Na sukari je? Na hiki?" Kwa kibanio, Fidencio alitoa tumboni mwa printa kiduara cha karatasi ya waridi.

"Marehemu angeimwagia chupa nzima, unajua."

Fidencio alijua. Mzee Yáñez, bosi wa zamani, Mungu amrehemu, kila Jumanne ya Kanivali aliifunga printa utepe, akairushia sukari na vikaratasi vya rangi na kuinywesha pombe ya zabibu, huku akiibembeleza idumu mwaka mwingine. Ndivyo watu wa mji huu wanavyozifanyia nyumba, magari, hata majiko yao. Lakini sasa kiti kilikaliwa na mwanawe, Gonzalo, aliyerudi kutoka masomoni na amri yake: atakayemwagia mashine kitu chochote, kazi hana.

"Roho iliniuma kuiacha kavu," Nilda alinong'ona. "Akinifukuza niende wapi na umri huu, na mama yuko kitandani?"

"Nipe kitambaa kikavu. Kulia hakusafishi rola."

Mgongo ulimuuma Fidencio. Tangu Jumatano ya Majivu alikuwa akifungua mashine mji mzima, na kila moja ilinuka sherehe ambayo yeye hakuicheza. Alikuwa amechoka, uchovu wa kulala ukaamka nao. Alitoa kasha la wino, akalifunika kwa koti lisichomwe na mwanga. Unga wa wino aliufuta kwa kitambaa kikavu, maana ukitia maji unageuka tope. Kisha akaingoja rola ya moto, ile inayogandamiza wino kwenye karatasi, ipoe. Hapo ndipo sukari ilipogandia, kama ukoko chunguni. Hakuikwangua. Aliilainisha kwa pamba yenye spiriti, akiizungusha rola kwa kidole, na vikaratasi akavichomoa kimoja kimoja, akaviweka mezani.

Alirudisha kasha, akachomeka waya, akaiwasha. Karatasi ya majaribio ilitoka na doa la duara, na chini yake jingine, na jingine. Kila rola ilipogeuka ilikiri kosa lile lile. Akaizima, akangoja, akaanza upya. Mara hii karatasi ilitoka safi.

Mlango ulifunguliwa. Gonzalo aliichukua ile karatasi, akainusa.

"Inanuka pombe."

"Ni spiriti ya fundi, Wakili," Nilda aliharakisha kusema.

"Spiriti haina vikaratasi vya waridi." Macho yake yalikuwa mezani. "Nani?"

Fidencio alijifuta mikono taratibu. Ofisi zilizokuwa bado zikimwita zilikuwa chache. Vijana wenye vifaa vipya walishazichukua nyingine. Hii aliipenda.

"Mimi," alisema. "Nilipita Jumanne, ukiwa umetoka. Tulizoea hivyo na baba yako."

"Wewe? Fundi? Kumbe unaziharibu ili uitwe kuzitengeneza!"

Neno hilo lilimchoma. Tangu aanze kazi hakuwahi kuharibu mashine ya mtu. Nilda alifungua mdomo. Fidencio akamkata jicho, naye akaufumba.

"Kusanya vyombo vyako, mzee. Na usirudi tena."

Alikusanya bisibisi na pamba, akavaa koti na kofia, akateremka ngazi akishikilia ukuta. Alikuwa mlangoni pa mtaa aliposikia viatu vikimkimbilia.

"Mzee! Kwa nini lakini?"

"Wewe bado una mashine ya kutunza. Rudi juu kabla hajakuita."

Nilda hakurudi. Alimvua kofia, akampa mkononi. Kisha akakunjua kiganja: vile vikaratasi vya mezani, vingine bado vimeshikana kwa sukari. Akamwekea kichwani kwa mikono miwili, juu ya mvi zake, kama anavyowekewa mtu au kitu kinachoombewa mwaka mwingine.

"Udumu, mzee," alisema.

Juu dirishani printa ilinguruma, ikavuta karatasi bila kukwama. Fidencio aliisikiliza mpaka iliponyamaza. Nje upepo baridi wa mlimani ulikuwa umeanza kuvuma, na watu wote walitembea wameinama, wamevaa kofia zao. Yeye aliondoka polepole, kando ya ukuta usiopigwa na upepo, kofia yake mkononi, vikaratasi bado kichwani.