Mafuta ya Mashini mu Objectif

Bwana yangu Symphorien alipiga foto ya ndoa karibu yote ya Likasi. Lakini objectif, ile kioo ya mbele ya appareil ya foto, minye Bibiane njo niliiponyesha. Ninasema wazi, na mwenye kukasirika akasirike.

Pillage, ile ya kuvunja na kuiba maduka, ilibeba studio yetu yote. Ilibakia tu appareil moja ya zamani, na objectif yake ya kuzungusha na mukono. Ile mwaka binti yetu Carine akapata muchumba. Symphorien akaapa kama foto ya ile ndoa atapiga yeye mwenyewe, hapana Hilaire. Hilaire ni fotografe ya Kambove, ndugu ya muchumba, na kila fasi alikuwa anasema kama Symphorien alishaisha.

Bon. Pete ya objectif ilikuwa nguvu kuzunguka. Bwana yangu akachukua mafuta ya mashini yangu ya kushona, akatia ndani. Pete ikazunguka muzuri. Lakini mafuta ikashuka mpaka kwa tubati tudogo twenye kupunguza mwangaza, ikatunatisha. Foto ya kujaribu ikatoka nyeupe pe.

"Mama Carine, imekufa," akasema. "Tuite tu Hilaire."

Nikawaka. "Na mafuta yangu? Weye ikala pale, unyamaze."

Nikaelekeza objectif kwa jua, nikaipima. Kioo safi, haina ukungu, haina mukwaruzo. Basi haikukufa, ilikuwa mugonjwa tu. Mbele ya kufungua nikaweka alama na shindano ya kushona, juu kila kintu irudie fasi yake. Nikasafisha tubati na essence ya briquet, ile ya kuwashia sigara, mpaka tukakauka, tukaanza kufunga na kufunguka. Kwa pete nikapakaa graisse kidogo sana, mafuta nzito yenye haiwezi kushuka. Kisha tukaangalia na objectif cheminée ya usine, ile bomba ya moshi, kule mbali. Ikaonekana mpaka na ngazi yake.

"Bibiane, uko fundi," Symphorien akasema.

"Ninajua."

Siku ya ndoa, tuko kwa mulango ya kanisa, Symphorien na appareil yake mu shingo, Carine akamunyooshea mukono. "Papa, twende."

Tulikuwa bajinga bote. Tuligombana juu ya objectif, na hakuna mwenye alikumbuka kama baba njo anaingiza mutoto mu kanisa. Hilaire alishasimama tayari kupiga, anacheka. Nikavuta appareil mu shingo ya bwana yangu.

"Shika mutoto. Minye nitapiga."

Nilikuwa siyapiga ndoa hata moja. Nikakimbia mbele, nikazungusha pete mpaka sura ya Symphorien ikakuwa safi. Alikuwa analia sawa mutoto. Nikafinya.

Ile foto iko mu salon yetu. Bageni banasema: "Kweli, Symphorien anajua kupiga."

Ninabaambia: "Muangalie muzuri. Symphorien njo huyu mwenye kulia."