Shavu la Kushoto

Kinyozi alikuwa na mashavu mawili kama watu wote, ila moja lilikuwa la mkewe.

Mkewe alikuwa ameanza kutengeneza krimu jikoni: nta ya nyuki na mafuta ya nazi kwenye bakuli, bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, kisha utomvu wa mshubiri, halafu kuipiga kwa uma mpaka iwe nyeupe na mkono uchoke. Kila asubuhi alimpaka mumewe shavu la kushoto tu.

"Na hili jingine lina kosa gani?"

"Hilo ni shahidi. Nikikupaka kote, nitajuaje kama ni krimu au umelala vizuri?"

Kinyozi naye mdomo wake haukuwa na breki. Mbele ya wateja aliiita krimu ile mafuta ya kukaangia. "Mke wangu ananikaanga upande mmoja," alisema. "Akinigeuza nitawaambia." Walicheka mpaka mmoja akakatwa sikio.

Lakini vipele vya wembe vya kushoto vikaanza kunywea. Wiki ya pili shavu lilikuwa laini, na la kulia lile lile, gome la mti. Mteja mmoja akamuuliza kama aliungua. Aibu ikamla.

Basi mkewe alipokwenda kumuuguza mama yake wiki tatu, akaacha kopo na onyo la kutogusa shavu la kulia, bwana mkubwa akawa anajifungia bafuni anapaka la kulia. Hesabu yake ilikuwa aache siku nne kabla mkewe hajarudi, vipele navyo virudi kazini.

Mkewe akarudi wiki moja mapema, tena na mgeni: Madamu, mwenye saluni kubwa kuliko zote mjini. Akiridhika, krimu ingekaa kwenye rafu yake. Mke alishaiota rafu ile mpaka vumbi lake.

Madamu alivaa miwani, akamgeuza kinyozi kidevu huku na huku.

"Naona mashavu mawili mazuri," alisema. "Sasa krimu ni ya lipi?"

Mke alilikodolea shavu la kulia, macho yakaanza kujaa. Madamu akachukua mkoba wake.

Kinyozi aliona vibaya sana. Kumwambia Madamu ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Kufikia jioni mji mzima ungemcheka. Lakini mficha uchi hazai.

"Nimeiba," alisema. "Kila siku, bafuni, mlango nimefunga kwa ufunguo. Mimi niliyeiita mafuta ya kukaangia."

"Kopo liko wapi?" Madamu aliuliza.

Akalileta. Lilikuwa limekwanguliwa mpaka bati linang'aa. Madamu akalitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoyatazama mashavu, kisha akaweka mkoba chini.

"Nitengenezee makopo ishirini ya kuanzia," alimwambia mke. "Watu hawaibi kisichofaa."

Mgeni alipoondoka, mke hakugomba. Alimkalisha mumewe kwenye kigoda cha jikoni, akamkunjia suruali mpaka magotini, akavichunguza visigino vyake vilivyopasuka.

"Tunaanza na mguu wa kushoto," alisema. "Na ufunguo wa bafuni nitakaa nao mimi."