Ungo Uliovaa Joho

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni ya kuingia chuo kikuu, ungo wangu kwapani. Nimevaa kanga na ndala, na hakuna aliyeshangaa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini wote waliokuwa mbele yangu walikuwa punje za mchele, kwa hiyo nikajiona msomi.

Sikwenda kwa ajili yangu. Nilimwakilisha mjukuu wangu Adelgunda, anayepima magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Ngwila, hapa Ifakara, na jioni anasoma chuo cha hapahapa mjini. Sasa kile chuo kikubwa, kinachopokea watu wachache kuliko harusi ya bahili, kimemkubali ahamie kwao. Jibu wanalitaka Ijumaa. Ngwila naye anataka kumfanya msimamizi. Wiki nzima nikimuuliza mtoto ananijibu, "Bado napima, Bibi."

Basi mizani ya mashineni ikaja pale foleni, inachechemea.

"Shikamoo, Bibi Kresensia."

"Marahaba. Kazi umemwachia nani?"

"Nimeomba ruhusa. Wiki nzima nabebeshwa jambo lilelile, mgongo umekwisha. Leo tulimalize."

Nageuka, foleni haipo. Tumo jikoni kwangu. Kwanza inapanda juu ya mizani kazi ya Ngwila, imevaa tai na inanuka pumba. Sindano haitikisiki. Inashuka, kinapanda chuo kikuu, na ghorofa zake na bustani yake na mlinzi wa getini akiwa amesinzia. Sindano imelala vilevile.

Nikaiambia mizani imeharibika.

"Hebu panda wewe," ikasema.

Nikapanda. Sindano ikazunguka mpaka ikagonga mwisho.

"Ndiyo hiyo," mizani ikasema. "Kila mara mtoto akipima, uzito unatoka huu."

"Mbona mimi mwembamba?"

"Sisemi mwili, Bibi."

Nikashuka haraka kama mtu aliyekanyaga siafu. Hapo ungo ukachomoka kwapani, ukavaa joho jeusi, ukakaa juu ya kinu na kusema wenyewe ndio mkuu wa chuo.

"Wewe nilikununua sokoni," nikaukumbusha.

"Hiyo ilikuwa kabla sijasoma."

Ukaanza kupepeta. Punje zinaruka na kutua, kila moja inaeleza sifa zake: mimi mweupe, mimi sijakatika, mimi nimekobolewa mara mbili. Katikati yao namwona Adelgunda. Amekuwa chuya, yuko na ganda lake vilevile, kalamu ya mashineni sikioni. Ungo ukamtazama, ukambana kwa vidole ambavyo sikujua unavyo, ukamrusha dirishani.

Nikapandwa na hasira. Nikauambia kwamba mjukuu wangu umemtupa.

"Nimemchagua," ungo ukasema.

"Kwetu chuya ikitolewa kwenye mchele, safari yake ni nje, kwenye matope."

"Na hapa ni hivyohivyo. Hawa weupe wanangoja sufuria. Wewe chungulia."

Nachungulia. Adelgunda yuko kwenye tope, ameshatoa kichipukizi na ananipungia nacho. Ananiambia huku pazuri, pana maji.

Nikaruka dirisha. Magoti hayakuuma, ndiyo maana nasema ilikuwa ndoto. Nikamwokota, nikamfunga kwenye pindo la kanga.

"Humo hataota," ungo ukasema kutoka ndani.

"Najua," nikajibu. "Nambeba kidogo tu."

Nikaamka. Jua limeshapanda. Adelgunda amekaa mlangoni, ungo mapajani, ananichagulia mchele wa mchana kabla hajaenda kazini, kwa kuwa macho yangu siku hizi hayaoni chuya. Nikalishika pindo la kanga. Lilikuwa na fundo, nami kanga hiyo niliianua kambani jana jioni, haina hata fundo. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na chuya moja, mbichi, ina kichipukizi cheupe.

Nikamwekea kiganjani. Mtu wa mashineni humdanganyi kwa mambo ya mpunga. Aliigeuza, akaipuliza, akanitazama, kisha ndipo akasema lile ambalo wiki nzima alikuwa akilipima.

"Bibi, nikienda, nani atakuchagulia mchele?"

"Nitaula na chuya zake," nikamwambia. "Meno ninayo manne, yanalalamika hayana kazi."

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Akaifukia ile chuya kwenye kopo la tope karibu na mtungi, akajifuta mikono, akatoka kwenda kumwambia Ngwila atafute mpimaji mwingine.

Ungo ukabaki umeegemea ukuta, unajifanya haunijui.