Mtu Hafi Hivyo

Mume wangu Tindiwi hakuwa mtu wa kutazama sinema. Alikuwa mtu wa kuzikosoa. Alikaa ndani ya banda la Nenge tangu mwanzo hadi mwisho, mikono kaifumbata kifuani, uso kaukunja kama aliyelishwa shubiri, na akishatoka nje ndipo raha yake ilipoanza.

Banda lenyewe liko barabarani, pale kijito kinapowatenga watu wa mume wangu, Waiminda, na watu wangu, Kopalini. Nenge ni mtu wa kuja kutoka pwani, hana upande, kwa hiyo pande zote mbili zinaingia kwake bila kuulizana. Sheria yake ni moja tu: mapanga na mashoka yanalazwa nje, juu ya turubai, na kila mtu anachukua lake akiondoka. Anaonyesha mchana, madirisha kayaziba kwa mablanketi, jenereta inanguruma nyuma ya choo.

Sinema ikiisha hakuna anayekimbilia nyumbani. Watu hukaa kwenye nyasi, popoo za kutafuna na chokaa yake vikapita mkono kwa mkono, na sinema ikapandishwa kizimbani. Nasikia kwingine watu wakitoka sinema huulizana kama hadithi ilikuwa nzuri. Kwetu wanaume wamepigana, na wengine bado wana vichwa vya mishale mwilini. Wao huuliza kama watu wamekufa sawasawa. Mimi nilikuwa nakaanga maandazi hapo kando ya turubai, kwa hiyo hukumu zote nimezisikia, na nyingi ni za majigambo matupu.

Jumamosi ninayoisimulia, sinema ilikuwa ya mtu wa koti jeusi. Walimchomea nyumba na watoto ndani, naye akachukua upanga akaumaliza mji mzima. Damu iliruka mpaka darini. Vichwa vilibingirika ngazini. Mtu mmoja alipasuliwa tumbo akawa anashika matumbo yake na bado anatukana. Ndani ya banda watu walipiga miluzi, na walipotoka kila mmoja alikuwa na lake.

"Mimi nina swali," alianza Bibi Sara, mjane wa Waiminda ambaye hakosi sinema. "Wale wote waliokufa, mama zao wako wapi? Maiti zimejaa barabarani na hakuna hata mtu mmoja anayelia. Nani anazika pale?"

"Bibi, hiyo ni sinema, siyo msiba."

"Basi ni ya watu wasio na adabu. Sirudi." Alikuwa anasema hivyo kila Jumamosi.

Aipus, binamu wa mume wangu, alilalamikia bunduki. "Yule mnene kapiga risasi tangu tunaingia mpaka mvua imekatika. Bunduki gani haishibi wala haisikii njaa? Sisi tulikuwa na ile moja ya kuazima, risasi tunazikumbatia kama mayai."

"Na mlikosa zote," akasema kaka yangu Kipalan.

"Tulikuwa tunakuonea huruma wewe, shemeji."

Watu wakacheka, pande zote mbili. Nakuambia, kicheko kile kilikuwa kimenunuliwa kwa bei kubwa. Miaka michache nyuma Waiminda na Kopalini walipigana kwa ajili ya mpaka wa shamba la kahawa. Nyumba ziliungua, na kaka yetu mkubwa, Yakale, alikatwa kisogoni kwa panga karibu na kijito. Mwishowe Waiminda walileta nguruwe wa fidia, tukawala, mambo yakaisha. Fidia hutolewa na ukoo mzima, na jina la aliyepiga halitajwi. Ukishakula nguruwe huulizi.

Ila kuna jambo jingine ambalo nguruwe hawalifikii. Vitani mtu hamgusi kaka wa mkewe. Ukimwona mbele yako unamwita, "Shemeji, pita huko," naye anapita, na wewe unatafuta mwingine wa kumuua. Damu ya shemeji haina fidia. Tindiwi aliniapia kwamba siku ile alikuwa kilimani anabeba majeruhi. Nilimwamini. Niliendelea kulala ubavuni pake na kumpikia.

Maiti ya Yakale tuliiosha mama yangu, Kipalan na mimi, mlango umefungwa. Tulimkuta na buti moja mguuni. Ya pili alikuwa ameivua. Tulishangaa, tukalia, tukamzika, na hatukumwambia mtu, kwa sababu mama aliona ni aibu mwanawe kufa anavuavua viatu kama mlevi.

Sasa Jumamosi ile Kipalan alikaa bega kwa bega na mume wangu, wakichovya popoo kwenye kibuyu kimoja cha chokaa. Walikuwa wanapendana wale. Kipalan akasema, "Mimi nimelipenda lile pigo la mwisho. Kamjia kwa nyuma, kamkata kisogoni, mtu kaanguka puu kama gunia la kahawa."

Tindiwi alikuwa anaingoja hiyo. Akatema mate mekundu, akajifuta mdomo.

"Uongo," akasema. "Aliyetengeneza ile hajawahi kuona. Mtu hafi hivyo."

"Anakufaje, mwalimu?" akauliza Aipus.

"Ukimkata mtu kisogoni haanguki. Anakaa. Anakaa polepole, kama mtu aliyefika kwake jioni amechoka. Anaangalia miguu yake. Halafu anaanza kuvua viatu."

Watu wakaangua kicheko. Aipus akajitupa chali akiigiza, mkono kwenye kiatu. Hata Bibi Sara alicheka. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko cha kugeuzia maandazi, na nikaona Kipalan hacheki. Alitafuna, akatafuna, akameza.

"Vyote viwili, shemeji?" akauliza kwa upole.

Laiti mume wangu angenyamaza. Ulimi hauna mfupa, na wake siku ile ulikuwa umelewa sifa. Alikuwa na watu mbele yake, wanacheka, wanataka zaidi.

"Kimoja," akasema. "Cha pili kamba ilikaza."

Maandazi yaliungua mbele yangu nikayaacha. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na wangu nilikuwa nimemzalia watoto. Kipalan aliweka chini kibuyu cha chokaa, akakifunika vizuri na kizibo chake, akasimama. Hapo ndipo Tindiwi aliposikia alichosema mwenyewe. Nilimwona kinywa kikibaki wazi na popoo ndani. Kipalan hakumtazama. Alikuwa anatembea kuelekea kwenye turubai, hana haraka, kama mtu anayekwenda kuchukua chake arudi nyumbani.

"Mama Isaka," mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu na mapanga. "Sikumjua. Alikuwa amejipaka masizi, kanipa mgongo. Nilimjua alipokaa."

"Na ulipomjua?"

"Nilipiga magoti nikajaribu kumfungulia kamba. Vidole vilikuwa vinateleza." Akaanza kulia. "Aliniita shemeji."

Kama alitaka nimwonee huruma, alikosea. Nilimchukia kuliko kabla hajasema. Miaka yote ile alikuwa na maneno ya mwisho ya kaka yangu kinywani mwake, akala nayo, akalala nayo, asinipe. Akaja kuwapa walevi wa popoo ili wacheke.

Lakini nilimwona pia mwanangu Isaka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na vijana wenzake wa Waiminda, ndevu zimeanza kumchomoza, mwezi huohuo amejichongea upinde wake wa kwanza wa utu uzima. Mtoto wetu ni wa ukoo wa baba yake. Kipalan akimuua Tindiwi, Kopalini wameua mtu wa Waiminda, na kabla jua halijazama mwanangu atakuwa kwenye mstari, akimlenga mjomba wake. Na mjomba wake halengi vibaya.

Kuna jambo kila mtu bondeni kwetu analijua. Mwaka mmoja mke wa Aipus alimpasua mumewe kichwa kwa shoka kwa sababu ya mke wa pili. Aipus alishonwa, watu walicheka mpaka wakachoka, na hakuna hata mmoja aliyeshika upinde. Panga la shemeji ni vita. Panga la mke ni mambo ya nyumbani.

Sitadanganya kwamba nilikaa nikapima hayo yote. Hasira na akili zilikuja pamoja, zikanipeleka mahali pamoja. Kipalan alikuwa ameinama anatafuta lake. Mimi nikachukua la kwanza lililonigusa mkono, la nani sijui mpaka leo, nikamwendea mume wangu. Aliinua mkono wa kulia kujikinga. Nikaukata.

Pigo la kwanza liliingia mpaka mfupani likakwama. Nikaweka mguu kifuani pake nikalichomoa. La pili liliuvunja, na kiganja kikabaki kinaning'inia kwenye ngozi kama samaki kwenye ndoana. Sinema zinasema uongo kwenye damu pia. Hairuki mpaka darini. Inatoka kwa kusukumwa na kusukumwa, moto, ikanijaa usoni na mdomoni, ina chumvi. Tindiwi alitoa sauti ya nguruwe anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja.

Kisha kila mtu akawa na panga. Waiminda upande huu wa nyasi, Kopalini upande ule, na mimi katikati nimesimama juu ya mume wangu. Bibi Sara alipigwa kikumbo akaangukia sufuria yangu ya mafuta, akaungua mkono. Mtu wa kwetu alirusha jiwe likampasua Aipus nyusi. Kipalan alikuwa ameshafika, panga juu, ananisukuma. "Toka," anasema. "Toka, dada, ni wangu." Sikutoka. Isaka alikuwa anakuja mbio na gongo la mti, uso wake siutambui.

Ndipo Tindiwi akajiinua kwa magoti, ameubana mkono wake kwapani, akawatazama watu wake.

"Ni mke wangu," akasema. "Mmesikia? Tumegombana na mke wangu. Mambo ya nyumbani haya. Kaeni chini."

Hawakukaa. Akasema tena, kwa sauti ya kuwakemea watoto, na Aipus, damu ikimtiririka jichoni, akawa wa kwanza kushusha panga. "Ya nyumbani," akasema, kama mtu anayetapika. Mwingine akasema. Upande wa kwetu nao wakasimama, maana huwezi kuanzisha vita na watu waliokaa. Mume wangu alikuwa amenielewa. Katika ndoa yetu yote hatukuwahi kuelewana haraka namna ile.

Nenge alileta gari lake la kubebea jenereta. Tulimpakia nyuma, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kumgusa, nilipanda mimi. Nilimfunga kwa kamba ya mfuko wangu wa kusuka, nikambana juu ya kiwiko kwa mikono miwili, magoti yangu juu ya bega lake. Kila shimo barabarani damu ilirudi upya.

"Niachie," akasema njiani. "Nimechoka."

"Ukifa leo ni vita. Kufa mwakani."

"Unanichukia."

"Sana," nikamwambia. "Fumbua macho."

Nilimbana mpaka hospitali, na wauguzi walilazimika kunikunjua vidole kimoja kimoja. Wakamaliza kuukata mkono kwa taratibu zao. Akaishi.

Mahakama ya kijiji ilisema nirudi kwetu na nguruwe wa mahari warudishwe, watoto wabaki kwa baba yao. Sikupinga. Nilidhani kwetu nitapokelewa. Mama alinitandikia mkeka, lakini Kipalan hakula nilichopika. Siku moja nikamfuata bustanini alikokuwa anachimba viazi vitamu, nikamwambia aseme lililo moyoni, tusiishi kama bubu.

"Umemuuza Yakale," akasema bila kuinua kichwa. "Roho nzima kwa kiganja kimoja. Ulipiga pigo lililokuwa langu."

"Na wewe ungelipwa nini? Isaka?"

Akachimba. Alichimba mpaka akakipasua kiazi katikati, akakitupa.

"Simwoni Yakale tena ndotoni," akasema. "Namwona huyo mume wako, mzima, anacheka. Kila siku namkata na kila siku anakaa." Akanipa mgongo, na mpaka leo ananisalimia kwa kichwa tu.

Isaka yuko upande wa pili wa kijito. Kwake yeye mimi ni mwanamke aliyemkata baba yake mbele ya wanaume wote wa bonde, na hakuna atakayemweleza vinginevyo, kwa sababu ukilieleza unalitaja jina la aliyepiga, na ukilitaja jina yale yote niliyoyafanya hayana maana. Baba yake mwenyewe ananyamaza. Amejifunza sasa.

Wiki iliyopita nilikuwa napita barabarani na mzigo wa kuni, na Isaka alikuwa juu ya ukingo wa kijito na wenzake. Jiwe lake la kwanza lilipita sikioni. La pili lilinipata mgongoni, chini kidogo ya shingo, kwa nguvu mpaka nikapiga goti. Nikakaa pale chini nimeshika kuni zangu, maumivu yananitoa machozi, nikawa nafikiri mkono wake ulivyo mzima, na jinsi anavyolenga.