Insha Isiyo na Jina

Nilipohamia shule ile, kidato cha pili, sikumjua mtu. Wiki mbili nilikula peke yangu, nikitazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha, hadi msichana mrefu aliyeitwa Twiga alipogonga benchi la kundi lake kwa kiganja. Maana yake, njoo. Walikuwa watatu, chanda na pete. Nikawa wa nne.

Hakuna aliyenifundisha kitu. Siku moja nilijikuta tu natembea kama wao, polepole, kama mtu anayevuka maji. Hata mwandiko wangu ukaanza kulalia kushoto kama wao. Waliponiuliza mama anafanya kazi gani, nikasema yuko ofisini. Uongo ulinitoka kama pumzi. Mama ni fundi cherehani.

Mwisho wa muhula, mwalimu wa Kiswahili, kabla ya kurudisha insha, aliinua moja isiyo na jina. Alisema sisi wanne tunaandika kama mkono mmoja, hawezi kututofautisha. Basi ataisoma, mwenyewe ajitokeze.

Ilihusu chumba kimoja, na mtoto anayelala chini ya meza ya kukatia vitambaa, mlio wa cherehani ukimwingia ndotoni na kugeuka mvua. Niliisikiliza mvua ile kana kwamba ilimnyeshea mtu mwingine, mtu niliyewahi kumpenda kisha nikampoteza njiani.

"Ya nani?" mwalimu aliuliza.

Twiga aliwatazama wenzake, mmoja mmoja, akanifikia. Nikasimama.

"Yangu, mwalimu. Mama yangu ni fundi."

Mchana ule sikwenda kwenye benchi. Nilikaa ngazini nyuma ya maktaba, nikijua nimeshafutwa kundini. Twiga akaja, akakaa kando yangu. Kisha akaniambia kwamba baba yake aliondoka nyumbani mwaka juzi, na wale wawili wanadhani yuko safarini.

"Usiwaambie," alisema. "Mimi bado sijaweza kusimama."

Nikamwahidi.

Jumamosi alikuja kwetu. Mama hakumuuliza habari za kwao wala za masomo. Alimzungushia utepe wa kupimia mabegani, kama afanyavyo kwa kila anayeingia.

"Mwanangu, nikikushonea gauni leo, mwezi ujao litakuwa blauzi."

Twiga alisimama wima, macho amefumba, huku mama akiandika vipimo vyake ukutani kwa chaki.